Koti la Mpishi wa Mbwa Mwitu

"Shemeji, ukikohoa tena nakutupa nje uwe chambo," Taimi alinong'ona bila kuondoa jicho kwenye tundu.

"Sijakohoa. Nimesafisha koo."

"Safisha kimoyomoyo."

Reijo alijiziba mdomo kwa kofia yake ili asicheke, na kibanda kizima kikatikisika. Ni sanduku la mbao tu lile la kuvizia wanyama kwa kamera, la kutosha watu wawili kukaa bega kwa bega, na mbele lina tundu lililofunikwa kitambaa cheusi ambacho lenzi hupenyezwa katikati yake. Nje kinamasi kilikuwa kimeanza kugeuka manjano, maana Agosti ilikuwa ukingoni. Ng'ambo ya kinamasi kulikuwa na misonobari, na nyuma ya misonobari ile ndiko Urusi, ambako mtu haruhusiwi kukanyaga ila mnyama hupita apendavyo.

Taimi, mama mzima wa miaka sitini na mitatu, alikuwa hatulii kama msichana anayesubiri kuitwa kucheza dansi. Alikuwa ameiweka kamera yake kwenye stendi ya miguu mitatu, akaifuta lenzi, akaifuta tena, akahakikisha kadi imo. Kamera yenyewe aliachiwa na mgeni mmoja Mbelgiji aliyenunua nyingine, ina ufa ubavuni na imefungwa kwa utepe wa gundi. Alikuwa ameshaizoea kwa kupiga picha kuku wa jirani, ndege, na mbwa wa postamasta, mpaka yule mbwa akawa anamkimbia.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo lenyewe. Kwa miaka kumi na tisa Taimi amewalisha mbwa mwitu wa kinamasi kile, na hajawahi kumwona hata mmoja. Si utani. Kila alasiri saa tisa, tangu barafu inapoyeyuka hadi theluji ya kwanza, alivuta kwa kamba beseni refu la plastiki lililojaa vichwa vya samaki na mabaki ya nguruwe. Alivuka kinamasi kwa miguu, akamwaga vile vyakula kwenye visiki vitano, kisha akajiondokea zake. Wageni, watu waliosafiri kutoka nchi za mbali na lenzi ndefu kama mabomba ya maji, walibaki wamefungiwa vibandani hadi asubuhi, na nafasi zote zilikuwa za waliolipa. Naye akishafika nyumbani na kuvua buti, ndipo mbwa mwitu walipotoka msituni. Asubuhi alirudi na thamosi ya kahawa, akafungua milango, akawakuta wageni wamelewa furaha bila pombe. "Tazama! Tazama!" walimwambia, wakimsogezea kamera. Na Taimi akawatazama mbwa mwitu wake ndani ya kidirisha cha ukubwa wa kibiriti.

Alikuwa anajua nyayo zao. Alijua nani anachechemea, nani mkubwa, nani mpya. Jike kiongozi wageni walimwita Nusu-Sikio, kwa kuwa sikio moja lilikuwa limekatika, lakini Taimi alimwita Vidole Vitatu, maana unyayo wake wa mbele kushoto ulikosa kidole kimoja kati ya vinne. Mwaka huu, pembeni ya unyayo ule, palikuwa na nyayo ndogo ndogo nyingi zilizokanyagana ovyo. Watoto! Alipoziona mara ya kwanza alichuchumaa pale kwenye matope akacheka peke yake.

Dukani kijijini walikuwa wamempa jina, Mpishi. Muuza duka, Lempi, hakukosa neno hata siku moja.

"Haya, Mpishi, wateja wako wamesemaje leo?"

"Wameramba sahani."

"Na umewaona?"

Hapo wazee wanaokunywa kahawa karibu na dirisha huangua kicheko. "Huenda ni mbweha wanaokula!" mmoja husema. "Huenda ni Reijo!" husema mwingine. Taimi hucheka nao, akabeba maziwa yake akaondoka, lakini njiani kicheko chake humwisha mapema kuliko chao.

Na leo ilikuwa siku ya mwisho. Goti la Reijo, mwenye vibanda, lilikuwa limekataa kabisa kazi, kibali cha kutumia kinamasi kilikuwa kimefika mwisho, na hakuna kijana aliyetaka kuishi kwa harufu ya vichwa vya samaki. Kesho Jumapili trela ingekuja, vibanda vingebomolewa vikawa kuni. Reijo alimjia Jumatano akiwa amevua kofia, jambo ambalo halifanyi hata kanisani.

"Taimi, Jumamosi unakaa kibandani. Wewe mgeni, mimi mpishi."

"Acha mzaha wako."

"Sina mzaha. Ukiniambia hapana nakupeleka kwa kamba yako mwenyewe ya beseni."

Tangu Jumatano hiyo hakupata usingizi wa maana. Usiku mmoja, huo uliobaki, wa kumwona Vidole Vitatu kwa macho yake na kumpiga picha yake mwenyewe. Asipowaona leo, ndiyo basi tena, atakufa akiwajua kwa nyayo na kidirisha cha kibiriti.

Sasa mtu wa kijiji kile akiwa na siku kubwa hufanya nini? Huwasha sauna, kile chumba cha kuogea mvuke. Tena ilikuwa Jumamosi, siku ya sauna hata kwa mtu asiye na sherehe yoyote. Taimi aliwasha tangu asubuhi. Akamwaga maji kwenye mawe mpaka mvuke ukamtoa machozi, akajipiga mgongo kwa matawi mabichi kama ilivyo desturi, akaosha nywele mara mbili kwa sabuni ya lami ya msonobari, akakata kucha, akavaa sweta safi lililokunjwa kabatini tangu Krismasi. Alipojitazama kwenye kioo uso ulikuwa mwekundu unang'aa. Reijo naye alitoka kwenye sauna yake amenyoa ndevu, na Taimi alipoketi naye kibandani aligundua jambo.

"Shemeji, umejipaka manukato?"

"Kidogo tu. Nyuma ya masikio. Si ni sherehe?"

Nyama aliileta Reijo mwenyewe kwa pikipiki ya magurudumu manne, kwa sababu ya goti. Alizunguka visiki vyote vitano kwa dakika nne, akamwaga, akaificha pikipiki mbali nyuma ya kilima kidogo, akarudi akichechemea na kujisifu. "Kazi uliyokuwa ukiifanya saa nzima!"

Waligombana kwa jambo moja tu, koti la kazi la Taimi. Lilikuwa la marehemu Aulis, mume wake, kaka yake Reijo. Zamani lilikuwa la bluu. Miaka kumi na tisa ya damu ya samaki na mafuta ya nguruwe ilikuwa imelipa rangi isiyo na jina, na harufu yake ilitangulia kufika dukani kabla ya Taimi. Reijo alikuwa amelitungua kwenye msumari wa banda la nyama na kulitia kwenye pipa la takataka lenye mfuniko, nyuma ya kibanda, pamoja na makopo na kamba chakavu.

"Kesho tunalichoma."

"Hulichomi wewe. Nitaliosha."

"Ukiliosha, mto wote samaki watakufa."

Basi hivyo ndivyo walivyokaa, wasafi, wanasubiri.

Saa moja jioni kunguru wakaja. Wakubwa, weusi, wanne. Walitua kwenye kisiki cha kwanza, wakadonoa, wakapiga kelele, kisha ghafla wote wakaruka hadi juu ya msonobari uliokauka. Reijo alimshika Taimi mkono.

"Wapo."

"Wapi?"

"Pale, kwenye mti uliovunjika. Chini yake. Mama yangu, ni yeye! Nusu-Sikio!"

Taimi alikaza macho mpaka yakatoka maji. Aliona mti uliovunjika. Aliona majani, aliona kivuli, aliona kivuli kingine ambacho huenda kilikuwa jiwe. Akahamia kwenye kamera, akazungusha lenzi, picha ikawa ukungu, akairudisha, akaona shina la mti kubwa kama ukuta. Alipoondoa uso kutazama tena, Reijo alikuwa ameshaachia mkono wake.

"Wamerudi ndani," alisema.

"Hawajarudi."

"Wamerudi, Taimi. Alisimama, akanyanyua pua hivi, akageuka. Na wadogo nyuma yake. Niliona mikia."

Walingoja. Nusu saa. Kunguru mmoja alirudi, akala, akaondoka. Upepo ulikuwa ukitoka nyuma yao, mwepesi, ukipita juu ya kibanda na kwenda moja kwa moja msituni. Taimi alipandwa na hasira hasa, maana alikuwa amengoja miaka kumi na tisa na huyu mzee ameona mikia tena na yeye ameona jiwe.

Kisha akanusa. Akamnusa Reijo. Akainusa mikono yake mwenyewe.

"Shemeji," akasema polepole, "tunanuka kama harusi."

"Nini?"

"Sabuni. Manukato yako. Pikipiki. Wale hawajawahi kula chakula kilicholetwa na harusi. Wanakula changu mimi, ninayenuka utumbo, ninayekuja kwa miguu. Leo mezani kwao kuna mtu wasiyemjua!"

Reijo alianza kujifuta nyuma ya masikio kwa kofia yake. Taimi alikuwa ameshashika komeo la mlango.

"Wee! Mlango haufunguliwi!" Reijo alisahau kunong'ona. "Hiyo ni sheria. Miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyeufungua mlango jioni!"

"Na asubuhi aliyekuwa akiufungua ni nani?"

"Wakikuona umetoka ndiyo basi! Hawarudi hadi wiki ijayo, na wiki ijayo hatupo!"

"Wakikaa wananisubiri mimi, na mimi nimekaa humu nawasubiri wao, tutaonana lini?"

Akatoka.

Hewa ilikuwa baridi na tamu. Alizunguka nyuma, akainua mfuniko wa pipa, na harufu ikampiga usoni. Akakaribia kucheka kwa furaha. Alilivaa koti juu ya sweta la Krismasi. Mfukoni kopo la peremende likagonga, lile la bati ambalo Aulis alikuwa halikosi, na ambalo Taimi hakuacha kulijaza. Beseni lake lilikuwa limesimamishwa ukutani. Akalilaza, akashika kamba, akaanza kuvuka kinamasi kwa miguu kama siku zote, matope yakimvuta buti, beseni tupu likikwaruza nyuma yake.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu, hata Reijo. Kila siku akimwaga chakula, alikuwa akizungumza. Ilianza msimu wa kwanza, baada ya Aulis kufariki, pale nyumbani palipokosa wa kumpa habari za siku. Basi habari zikaishia huku. Nani ameumwa, nani amenunua trekta, Lempi amesema nini dukani. Alikuwa akiongea kwa sauti ya kawaida, ya jikoni, bila kutazama msituni, maana alijua hakuna atakayeonekana.

Alifika kisiki cha kwanza. Akavigusa vichwa vya samaki kwa mikono yake, akavigeuza, akavipanga upya.

"Haya," akasema kwa nguvu. "Samahani kwa leo. Yule aliyekuja na kelele ni shemeji yangu. Si mtu mbaya, ila anajipaka vitu."

Kisiki cha pili.

"Lempi ameongeza bei ya kahawa. Postamasta anasema mbwa wake haniogopi, anasema nimemroga. Jana usiku ilianguka baridi ya kwanza, viazi vyangu nimevitoa vyote."

Cha tatu, cha nne. Sauti yake ilianza kumsaliti, ikapanda, akakohoa akaishusha.

Kwenye kisiki cha tano, kile kilicho karibu na kibanda, alisimama. Mikono yote miwili ilikuwa imejaa mafuta hadi vifundoni, kucha alizozikata asubuhi zote nyeusi tena.

"Kesho siji," alisema. "Wala keshokutwa. Msiningoje. Mna watoto sasa, wafundisheni kuwinda, msiwazoeze vya bure. Mimi ni Taimi. Sijawahi kuwaambia jina langu, ati. Miaka yote hii."

Alitazama njia ya kurudi, hatua arobaini hadi kibandani. Akirudi na koti, harufu yake itaingia ndani ya sanduku naye, na hapa itabaki ile harufu wasiyoijua. Alishika zipu. Akaiachia. Akaishika tena, akaifungua upesi kabla hajabadili nia, akalivua koti la Aulis na kulitandika juu ya kisiki, mikono ikining'inia pande mbili. Kisha akatembea hadi kibandani akiwa na sweta lake, bila kugeuka nyuma, na kila hatua ilikuwa kazi.

"Una wazimu," Reijo alimnong'oneza alipoingia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Umekuwa ukiongea nao?"

"Nyamaza."

"Miaka yote?"

"Reijo, nyamaza, nakuomba."

Nyuma yao jua lilishuka hadi juu ya miti, na mwanga ukalala juu ya kinamasi. Robo saa ikapita. Kunguru wakaja, wakatua, na safari hii hawakuruka. Taimi aliweka jicho kwenye kamera na kidole kwenye kitufe. Kidole kilikuwa kinateleza kwa mafuta ya nguruwe.

Akamwona.

Hakutoka popote. Hakuwepo, kisha akawepo, katikati ya kinamasi peupe kabisa, anakuja kwa mwendo wa mtu anayekwenda zake sokoni. Mkubwa, wa kijivu, miguu mirefu kuliko vile kidirisha kilivyowahi kusema. Taimi hakutazama sikio. Alitazama chini, mguu wa mbele wa kushoto, ukinyanyuka kutoka kwenye matope, ukitua, ukinyanyuka.

"Vidole Vitatu," akasema bila sauti, na machozi yakamdondokea kwenye kamera ya Mbelgiji. "Ni wewe. Jamani, ni wewe!"

Nyuma yake wakamwagika watoto. Mmoja, wawili, wanne! Wanajikwaa, wanang'atana mikia, masikio makubwa hayawatoshi. Jike hakugusa nyama. Alipita kisiki cha kwanza, akapita cha pili, cha tatu, cha nne, akaja hadi cha tano. Sasa alikuwa hatua arobaini tu. Akanyoosha shingo, akalinusa koti kwenye kola, mahali ambapo shingo ya Taimi ilikuwa ikisugua kila siku. Alinusa kwa muda mrefu. Kisha mwili wake wote ukalegea, akakaa kitako kando ya koti kama mtu aliyefika nyumbani, na watoto wakavamia samaki.

Taimi alibonyeza. Kamera ikalia. Sikio moja zima na lile nusu yakageukia kibandani, naye hakuinuka. Akabonyeza tena, na tena, akahesabu hadi saba kisha hesabu ikampotea. Kando yake Reijo alikuwa ameuma kofia yake na mabega yakimtikisika, na Taimi hakujua kama shemeji anacheka au analia, wala hakuwa na nafasi ya kutazama.

Mtoto mmoja, mwenye kifua cheusi, alikuwa amegundua mkono wa koti. Akauvuta. Koti likaanguka kutoka kisikini, na lile kopo la peremende likalia mfukoni, kah-kah-kah! Watoto wote wakaruka kando. Yule mwenye kifua cheusi akarudi kwa tumbo, akaling'ata tena, akavuta, likalia. Akapenda! Akaanza kukimbia nalo, likimzidi ukubwa, analikanyaga, anaanguka, anainuka, na wenzake wanamfuata wakitaka kumpokonya.

"Koti la kaka yangu," Reijo alinong'ona. "Taimi, wanalichukua. Nitoke niwafukuze?"

"Jaribu uone."

Jike alinyanyuka, akajinyoosha, akachukua kichwa kimoja cha samaki kwa adabu zake zote, akawafuata wanawe taratibu kuelekea mashariki. Mara moja tu alisimama akageuza kichwa. Taimi alikuwa ameshaondoa uso wake kwenye kamera. Alikuwa amelisogeza pazia jeusi kwa vidole vyake viwili vya mafuta na anamtazama hivi hivi, kwa macho matupu.

"Umepata?" Reijo alikuwa akimtingisha bega. "Picha, umepata? Fungua kidirisha tuone! Kesho tukamwonyeshe Lempi!"

Kidirisha cha kamera kilikuwa kimewaka chenyewe, kidogo, cha bluu, na ndani yake kulikuwa na kitu cha kijivu. Taimi alikifunika kwa kiganja.

"Ngoja," alisema.

Ng'ambo ya kinamasi mkono wa koti uliburutwa juu ya matope, ukapita mti uliovunjika, ukaingia kwenye misonobari kule mtu haruhusiwi kwenda. Hawakuuona tena. Kopo la peremende tu ndilo lililoendelea kusikika, likigonga, likinyamaza, likigonga tena mbali zaidi, na Taimi alibaki na sweta lake la Krismasi katika baridi, akiwa ameinamisha kichwa analisikiliza.